Kusoma Majibu ya Gesi za Damu Nyanda za Kaisho

Karatasi ya majibu ya gesi za damu ina namba nyingi, lakini zinazobeba uamuzi ni tatu: pH, shinikizo la hewa ukaa na bikabonati. Mashine hupima mbili za kwanza kwa vihisio vyake. Ya tatu huikokotoa kutokana na hizo mbili. Hewa ukaa iko mikononi mwa mapafu, ambayo huweza kuibadili kwa dakika chache. Bikabonati iko mikononi mwa figo, ambazo huchukua saa nyingi hadi siku kadhaa. Uhusiano wa namba hizo uliandikwa na Lawrence Henderson mwaka 1908, na Karl Albert Hasselbalch akaugeuza kuwa wa pH mwaka 1916. Wodini hakuna anayehitaji logarithimu. Inatosha kujua kwamba haidrojeni ya damu, kwa nanomoli katika lita, ni 24 mara hewa ukaa, kugawanya kwa bikabonati. pH ya 7.40 ni sawa na nanomoli 40, na kila pH inaposhuka kwa 0.01, haidrojeni hupanda kwa karibu nanomoli moja.

Vitabu vya tiba hutaja pH ya kawaida kuwa 7.35 hadi 7.45, hewa ukaa milimita 35 hadi 45 za zebaki, na bikabonati milimoli 22 hadi 26 kwa lita. Viwango hivyo vilipatikana kwa watu wazima wenye afya na lishe nzuri, waliokuwa wakiishi karibu na usawa wa bahari. Kaisho, upande wa Kyerwa, haiko huko. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni nchi ya vilima vinavyofika mita 1,500 na zaidi, huku bonde la Mto Kagera likiwa chini yake mpakani. Anayesoma majibu ya mgonjwa wa huko kwa kipimo cha Dar es Salaam au cha kitabu anaweza kukosea pande zote mbili: kuona ugonjwa wa mapafu usiokuwapo, na kutoiona asidi iliyopo. Makosa yote mawili yana hesabu yake, na hesabu hiyo si ngumu.

Kosa la kwanza liko kwenye oksijeni. Katika mita 1,500 shinikizo la hewa ni karibu milimita 634 za zebaki, si 760. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hiyo, baada ya kuondoa milimita 47 za mvuke wa maji uliomo njia ya hewa. Kwa hiyo oksijeni inayoingia ni kama 123. Ukitoa hewa ukaa iliyogawanywa kwa 0.8, ndani ya vifuko vya mapafu hubaki takriban 78 kwa mtu mwenye hewa ukaa ya 36. Sasa chukua mzee wa Kaisho ambaye oksijeni ya ateri yake ni 68. Tofauti kati ya vifuko na damu ni 10, nayo haina tatizo lolote. Fomula ileile ikijazwa 760 badala ya 634, vifuko huonekana kuwa na 105 na tofauti inaruka hadi 37, namba ya mtu mwenye nimonia au damu iliyoganda kwenye mapafu. Mzee hana kimojawapo. Mashine nyingi hupima zenyewe shinikizo la hewa ya chumba, lakini viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni mwa karatasi, pamoja na vile vishale vya juu na chini, mara nyingi ni vya kiwandani.

Kwenye hewa ukaa tofauti ni ndogo. Mkazi wa mwinuko huo hupumua zaidi kidogo, hivyo hewa ukaa yake hukaa karibu 36 au 37 na bikabonati hushuka kwa milimoli moja au mbili. Peke yake, hilo halibadili tiba. Linaanza kuwa na uzito kwa mjamzito, ambaye hata pwani hewa ukaa yake ni karibu 30 na bikabonati karibu 20. Mama aliyelazwa kwa kifafa cha mimba akiwa na hewa ukaa ya 40 ameandikiwa namba ya kawaida na karatasi, ilhali kwa hali yake amekwisha kuchoka kupumua.

Kabla ya kutafsiri chochote, sampuli yenyewe inapaswa kuaminika. Damu hutolewa kwenye ateri, kwa kawaida ya kifundo cha mkono, kwa bomba lenye heparini. Povu la hewa likibaki ndani, oksijeni hupotoka na hewa ukaa hushuka. Heparini ya maji ikizidi, huizimua damu na kuteremsha hewa ukaa pamoja na bikabonati, na mgonjwa asiye na asidi huonekana anayo. Sampuli ikicheleweshwa kwenye joto, chembe za damu huendelea kula sukari: lakteti inapanda, pH inashuka, hewa ukaa inaongezeka. Bomba la plastiki lisizidi nusu saa kabla ya kupimwa. Pale kuchoma ateri kunapokuwa shida, damu ya vena inatosha kwa swali la asidi: pH yake huwa chini kwa karibu 0.03, na hewa ukaa huwa juu kwa milimita tano au sita. Mgonjwa akiwa katika mshtuko tofauti hiyo hupanuka, na kwa oksijeni vena haisemi kitu. Hatua ya mwisho ya uhakiki ni ile fomula ya 24. Namba tatu zisipokubaliana ndani yake, kuna kosa la kunakili au la mashine, na kuzitafsiri ni kupoteza muda.

Usomaji wenyewe huanza na pH, kisha huuliza ni nani aliyeisukuma. Asidi ikiwa nyingi na bikabonati iko chini, chanzo ni cha kimetaboliki. Hewa ukaa ikiwa juu, chanzo ni mapafu. Upande wa pili hujaribu kufidia, na fidia ina kipimo chake. Katika asidosi ya kimetaboliki, hewa ukaa inayotarajiwa ni bikabonati mara 1.5, kuongeza 8, ikiruhusiwa kupishana kwa 2. Fidia haimalizi kazi: kwa kawaida mwili haurudishi pH hadi 7.40 kamili wala haupitilizi. pH ikiwa ya kawaida kabisa huku namba nyingine zimepotoka, shuku magonjwa mawili yanayovutana.

Mfano ulio karibu zaidi na Kaisho ni mtoto mwenye malaria kali. Analetwa akiwa amelegea, anapumua kwa nguvu na kwa kina, mbavu zikivutwa ndani, ilhali kifua kikisikilizwa ni safi. Majibu yake: pH 7.16, hewa ukaa 20, bikabonati 7, sodiamu 134, kloraidi 104, albumini gramu 20 kwa lita. Fomula inatarajia hewa ukaa ya 18.5, hivyo 20 inakubalika: mapafu yanafanya kazi yao yote. Mtoto huyu hana nimonia, ana asidi. Sasa tuseme saa nne baadaye upumuaji wake umetulia, na ndugu wakapata matumaini. Karatasi mpya inaonyesha bikabonati ileile ya 7 lakini hewa ukaa 32. Namba 32 bado iko chini ya kiwango cha kitabu na pengine imewekewa kishale cha kushuka. Hesabu inasema pH sasa ni 6.96. Mtoto hajatulia, ameishiwa nguvu. Katika somo zima la gesi za damu hakuna namba inayodanganya kwa urahisi kuliko hewa ukaa iliyo "karibu na kawaida" kwa mgonjwa ambaye bikabonati yake imeisha.

Hatua inayofuata ni pengo la anioni: sodiamu, kutoa kloraidi, kutoa bikabonati. Kawaida ni karibu 12 kwa mashine za zamani, na chini ya hapo kwa nyingi za sasa. Kwa mtoto huyu pengo ni 23. Hapa ndipo kosa la pili linapoingia. Sehemu kubwa ya pengo la kawaida ni albumini, na kila albumini inaposhuka gramu 10 chini ya 40, pengo hupungua kwa takriban 2.5. Utapiamlo, ini bovu, kichocho cha muda mrefu na maambukizi makali yote huiteremsha. Mtoto mwenye albumini ya 20 anastahili kuongezewa 5, na pengo lake la kweli ni 28. Kwake tofauti si kubwa kwa sababu asidi tayari inaonekana. Lakini mtu mzima aliyekonda, mwenye pengo la 14 na albumini ya 16, ana pengo la 20. Karatasi imemwita mzima ilhali damu yake ina asidi ya ziada. Kusahihisha pengo kwa albumini ni jambo la sekunde tano, na katika hospitali zinazolaza watoto wenye utapiamlo halipaswi kuwa hiari.

Pengo lililopanuka huongoza kwenye orodha fupi: lakteti, ketoni, figo zilizofeli, na sumu. Kwenye malaria ya falsiparamu lakteti ndiyo ya kwanza, kwa kuwa chembe zilizovamiwa na vimelea hunasa kwenye mishipa midogo na tishu hukosa oksijeni, huku upungufu wa damu ukizidisha. Shirika la Afya Duniani huhesabu malaria kuwa kali kwa kigezo cha asidi pale bikabonati inapokuwa chini ya 15, upungufu wa besi unapozidi 8, au lakteti ya vena inapofika 5. Hata hivyo lakteti mara nyingi haitoshi kueleza pengo lote. Tuseme mtoto wetu ana lakteti ya 9: pengo limezidi kwa 16, lakteti imeeleza kama 8. Nusu nyingine inatoka kwa ketoni za mtoto asiyekula siku mbili, figo, na asidi ambazo maabara za kawaida hazizipimi, nyingine zikishukiwa kutoka kwa bakteria wa utumbo. Huko Kilifi, Kenya, katikati ya miaka ya 1990, watafiti walikuta baadhi ya watoto waliodhaniwa kuwa na asidi ya malaria pekee walikuwa pia na salisileti kwenye damu: walikuwa wamepewa aspirini nyumbani kwa ajili ya homa. Swali la dawa zilizonunuliwa dukani kabla ya kuja hospitali ni sehemu ya tafsiri ya kipimo.

Kilifi ilitoa jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walionyesha, kwa watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa kwa malaria, kwamba wengi wa waliokufa walikuwa na kupungua kwa fahamu au kupumua kwa shida. Kazi zilizofuata zikathibitisha kuwa kule kupumua kwa kina ndiko sura ya nje ya asidi. Adolf Kussmaul alikuwa amekieleza kitu hichohicho kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874, kabla mtu yeyote hajaweza kupima pH ya damu wodini.

Mtoto mwenye asidi na mikono baridi anaonekana kuhitaji maji mengi ya dripu haraka. Ndivyo ilivyofundishwa kwa miaka. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kituo chake kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, uliwahusisha watoto 3,141 na kuchapishwa mwaka 2011. Waliopewa maji ya haraka, yawe ya albumini au ya chumvi, walikufa kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Wasiopewa walikufa kwa asilimia 7.3. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba maji hayo yenyewe yaliongeza kloraidi na asidi kwenye damu. Funzo kwa msomaji wa karatasi ni kwamba asidi iliyoongezeka baada ya dripu inaweza kuwa ya dripu. Pengo la anioni ndilo linalotenganisha: ugonjwa ukizidi pengo hupanuka, chumvi ikizidi kloraidi hupanda na pengo hubaki palepale. Kwa mtoto mwenye malaria na damu kidogo sana, kuongezewa damu huondoa asidi ambayo dripu haiwezi kuiondoa.

Asidosi yenye pengo la kawaida ina wazazi wachache. Kuhara ndiko kwa kwanza. Mgonjwa mwenye sodiamu 135, kloraidi 113, bikabonati 12, hewa ukaa 26 na pH 7.28 amepoteza bikabonati kwa njia ya choo, na mapafu yake yamefidia sawasawa. William O'Shaughnessy aliligundua hili kwenye damu ya wagonjwa wa kipindupindu Uingereza miaka ya 1831 na 1832: maji, chumvi na alkali vilikuwa vimetoka. Mgonjwa wa kuhara akifikia mshtuko, lakteti hujiunga na pengo hupanuka. Mirija ya figo iliyoharibika ni mzazi wa pili, na dawa ya tenofovia, inayotumiwa sana kwa wanaoishi na VVU, huweza kuiharibu kwa wachache.

VVU inastahili aya yake mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Kizazi cha kwanza cha dawa zilizoenea kilitegemea stavudini, ambayo huvuruga mitokondria na kujaza damu lakteti. Mgonjwa aliyekuwa ameanza kunenepa alianza tena kukonda, kutapika, kuumwa tumbo na hatimaye kupumua haraka, akatibiwa vidonda vya tumbo au malaria. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilielekeza stavudini iondolewe hatua kwa hatua, na leo tatizo hilo ni adimu. Linabaki kuwa mfano bora wa asidi iliyokuwa inatembea kliniki bila kupimwa.

Ketoasidosi ya kisukari husomwa kwa njia ileile, ikiongezewa sukari na ketoni. Pombe huleta ketoasidosi yake: mnywaji wa gongo asiyekula kwa siku kadhaa hufika na pengo kubwa huku sukari ikiwa ya kawaida au chini. Gongo ikiwa na methanoli, pengo hupanuka na macho huanza kufifia saa nyingi baadaye; asidi kali isiyoelezwa na lakteti wala ketoni kwa mnywaji inapaswa kuitwa methanoli hadi ithibitike vinginevyo.

Upande wa mapafu hesabu ni fupi. Hewa ukaa ikipanda ghafla kwa 10, bikabonati hupanda kwa 1. Ikikaa juu kwa siku kadhaa, hupanda kwa karibu 4. Bibi aliyepikia kuni maisha yake yote, mwenye hewa ukaa 60, bikabonati 32 na pH 7.35, amezoea hali yake. Mkulima aliyevuta au kunywa dawa ya wadudu ya jamii ya organofosfeti, mwenye hewa ukaa hiyohiyo ya 60 lakini bikabonati 26 na pH 7.26, anahitaji kusaidiwa kupumua sasa hivi. Kosa la kusoma bikabonati bila hewa ukaa liliwahi kuua watu wengi. Copenhagen, mwaka 1952, wagonjwa wa polio katika Hospitali ya Blegdam walikuwa na bikabonati nyingi, na madaktari wakasema ni alkalosi. Bjørn Ibsen alishikilia kuwa ni hewa ukaa iliyonasa kwa watu wasioweza kupumua. Msichana wa miaka 12 alitobolewa koo na kupuliziwa hewa kwa mkono, akanusurika. Baadaye wanafunzi wa udaktari walikaa zamu wakipuliza usiku na mchana. Poul Astrup wa maabara alianza kupima pH, na huko ndiko vipimo vya gesi za damu vya leo vilikoanzia.

Alkalosi huchukua nafasi ndogo. Ya kimetaboliki hutokana zaidi na kutapika na dawa za kukojoza. Kloraidi na potasiamu vikirudishwa hutulia. Ya mapafu huonekana kwenye homa, maumivu, ini bovu na mwanzo wa maambukizi makali, na ndiyo mara nyingi dalili ya kwanza kabla asidi haijajitokeza.

Magonjwa mchanganyiko ndiyo yanayofichika zaidi. Mgonjwa wa kisukari aliyetapika siku tatu anaweza kuwa na pH 7.40, hewa ukaa 40 na bikabonati 24, karatasi isiyo na kishale hata kimoja. Sodiamu yake ni 140, kloraidi 88. Pengo ni 28. Ana asidi nyingi ya ketoni iliyofunikwa na alkalosi ya kutapika, na anaweza kufa usiku huo. Ndiyo sababu pengo hukokotolewa kwa kila mgonjwa, hata pH ikiwa nzuri.

Vituo vingi vya mpakani havina mashine ya gesi za damu, na zile ndogo za mkononi hutegemea katriji zinazohitaji jokofu na umeme usiokatika. Bado elektrolaiti za kawaida hutoa bikabonati na pengo. Kipimo cha sukari, cha ketoni na cha lakteti kwa tone la damu hufunga sehemu kubwa ya swali. Kinachokosekana ni hewa ukaa, na badala yake kuna macho: kasi na kina cha upumuaji kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 mara nne. Kipima oksijeni cha kidoleni hakijazi nafasi hiyo, kwani mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuonyesha asilimia 98 huku hewa ukaa ikimzamisha.

Kagera ina sababu ya ziada ya kuwa makini: vimelea vya malaria vyenye badiliko la R561H, linalopunguza kasi ya artemisinini, vimekwisha kuthibitishwa Karagwe, baada ya kuonekana Rwanda. Vimelea vikitoka damuni polepole, upimaji wa pili na wa tatu unazidi ule wa kwanza kwa thamani: lakteti isiyoshuka baada ya saa kadhaa za tiba ni habari mbaya hata kama fahamu zimerudi.

Kwa mgonjwa anayepelekwa kutoka Kaisho kwenda hospitali za Nyakahanga, Bukoba au Bugando, karatasi ya rufaa inapaswa kutaja saa damu ilipotolewa, kama ni ya ateri au vena, lita za oksijeni alizokuwa akipewa, idadi ya pumzi kwa dakika, na kiasi cha dripu kilichokwisha kuingia. Bila mambo hayo matano, anayempokea hulazimika kuanza hesabu upya.